Kiwanja cha Mwarobaini: kumbukumbu za mashabiki zilipofika kwa wakili

Kabla hatujaanza

Hiki ni kisa cha timu moja ya mtaani huku Mombasa, upande wa bara, iliyopoteza kiwanja chake cha nyumbani, na vile mashabiki wake walijaribu kukiokoa kwa kukusanya kumbukumbu zao. Mimi nilikuwa karani wa ile kamati kwa hivyo naandika kama mtu aliyekuwemo. Jina la timu nimelitoa, mtaa nimeutoa, familia yenye ardhi siitaji, na vitu vidogo vya kumtambulisha mtu nimevigeuza. Kiwanja nitakiita cha Mwarobaini sababu palikuwa na mwarobaini mkubwa nyuma ya goli moja, na hapo ndipo wachezaji walikuwa wakivalia jezi. Naandika kwa sababu naona timu nyingi hapa pwani ziko njia hiyo hiyo, zacheza kwenye ardhi ambayo hakuna anayejua vizuri ni ya nani, alafu siku mabati yakiletwa ndo watu waanza kutafutana.

Kiwanja na ardhi yake

Hakikuwa kiwanja cha kujivunia ukikitazama kwa macho ya mgeni. Nusu mchanga nusu matumbawe, milingoti ya goli ilikuwa boriti za mkoko, nyavu ni jarife kuukuu la wavuvi lililoshonwa shonwa. Karibu na mstari wa upande wa barabara kulikuwa na jiwe limetokeza kidogo tu kama kisigino cha mtu, na kila aliyecheza pale miaka mingi ana kovu la goti la kuonyesha. Upepo wa kusi ukivuma kipa apiga mpira kwa nguvu zake zote, mpira wafika katikati, wasimama hewani, warudi. Ndo maana kapteni wetu akishinda sarafu haulizi nani aanze, atazama minazi inalala upande gani. Mechi haikuanza mpaka watu watoke kuswali alasiri, na wazee walikuwa na gogo lao la mnazi ambalo kijana hakalii hata kama liko tupu.

Wazee hao walikulia enzi ambazo timu ya Mombasa, Feisal, ilichukua ubingwa wa Kenya 1965, na kila mazungumzo ya mpira yaanzia hapo ama yaishia hapo. Vijana wao ni wa Bandari, timu nyingine ya Mombasa, wana kombe la ngao la 2015 na lile la 2019 la kujibu. Lakini wote hao wakitaka kwenda kutazama mpira jioni bila nauli ya kuvuka kwenda kisiwani walikuwa waja Mwarobaini.

Sasa ardhi. Asiyekuwa wa pwani hapa yampasa atulie kidogo, sababu bila hili kisa hakieleweki. Ukanda wa pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na mwaka wa 1908 Waingereza waliweka sheria ya kusajili hati za ardhi, mwenye madai ajitokeze aandikishe, na ardhi isiyo na mwenyewe ikawa ya serikali yao. Walioandikisha wakapata hati za milele, familia moja yaweza kuwa na shamba kubwa, na wengine wengi wakabaki bila kitu. Ndo tukapata huku kwetu mtindo wa nyumba bila ardhi, yaani nyumba ni yako umejenga kwa pesa zako lakini chini ni kwa mwenye shamba na wamlipa kodi ya ardhi. Mtaa wetu karibu wote ni hivyo. Kila nyumba yajua mwenye shamba wake ni nani. Ajabu ni kwamba kiwanja kilichokuwa katikati ya nyumba hizo hizo hakuna aliyekiuliza, wengi walisema ni cha serikali, wengine cha msikiti, na vijana walisema ni chetu basi.

Mambo yalivyokwenda

Jumatatu moja watoto wa mazoezi ya asubuhi walikuta vigingi vimepigwa na kamba ya manjano imevutwa. Kufika jioni lori la mabati limeshuka. Mwenyekiti wa timu alikwenda kwa chifu, chifu akamwambia ameonyeshwa hatimiliki, shamba limeuzwa, aliyenunua ataka kuweka yadi ya makontena. Usiku huo tulikaa maskani chini ya taa ya barabarani mpaka saa sita na maneno yalikuwa makali. Vijana walitaka mabati yang'olewe usiku huo huo. Wazee wakakataa.

Siku ya tatu tukapeleka malalamiko bunge la kaunti, sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa mtu yeyote haki hiyo, na sisi tukaandika kwamba hiki ni kiwanja cha umma. Wiki hiyo hiyo tukapata wakili wa kujitolea, mtoto wa shabiki wetu wa zamani. Yeye akatuambia jambo lingine kabisa. Kwa sheria ya Kenya ya ukomo wa madai, mtu akikalia ardhi ya mwenzake miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila ruhusa ya mwenyewe, aweza kwenda mahakama ya mazingira na ardhi kuomba iwe yake. Akasema leteni ushahidi wa watu. Sisi tulisikia miaka 12 tukaanza kushangilia, manake timu ilikuwa pale tangu kabla ya daraja jipya la Nyali la 1980. Yale maneno mengine, bila ruhusa ya mwenyewe, yalipita masikioni kama upepo.

Tukaanza kukusanya. Mara ya kwanza tulifungua grupu ya WhatsApp watu watume sauti, na kusema kweli ilikuwa fujo. Mmoja atuma hadithi ya mechi ya fainali tuliyoshinda 3-2, baada ya saa moja watu ishirini wanaikumbuka hivyo hivyo, kwa maneno yale yale, hata mmoja ambaye nilijua alikuwa Saudia mwaka huo. Baadaye daftari la mwandishi wa mabao lilipatikana ndani ya kabati la marehemu, mechi ile ilikuwa 1-1. Grupu ilichafuka siku mbili.

Tukabadilisha. Kapteni wa zamani, mzee wa miaka sabini na kitu, alitandika gunia barazani kwake akamwaga mchanga juu yake akasema leteni vizibo vya soda. Kila mzee akaitwa peke yake, siku yake, hakuna mwenzake kumsikia. Aambiwa weka kizibo palipokuwa na goli. Weka kizibo palipokuwa na jiwe. Weka mlipokuwa mkikaa. Jamani, mtu ambaye ukimuuliza swali ajibu neno moja, mpe kizibo mkononi utashangaa. Mzee mmoja aliweka kizibo cha goli akakisogeza, akakirudisha, akakaa kimya, kisha akasema hapa ndipo aliposimama ndugu yangu mechi yake ya mwisho, na akaanza kueleza njumu za ndugu yake, kwamba zilikuwa mbili za kulia sababu pesa za jozi nzuri hazikuwepo. Ramani za watu tisa zilipishana hatua chache tu. Kumbukumbu za mabao na miaka zilipishana kabisa.

Miaka tuliipata kwa njia nyingine. Huwezi kumuuliza mtu ilikuwa mwaka gani, hajui. Lakini ukimuuliza ilikuwa kabla ya feri ya Mtongwe kuzama ama baada yake ajua bila kufikiri, na hiyo ni Aprili 1994. Kabla ya mvua za El Niño ama baada, hiyo ni 1997 kuingia 1998. Na hawa ni watu wa mpira kwa hivyo mwaka wa Roger Milla kucheza kwenye bendera ya kona ni 1990, mwaka wa Senegal kumfunga Mfaransa ni 2002. Kwa hizo alama nne tano tuliweza kupanga karibu kila kitu, na wakili alifurahi sana.

Tulikuwa na watu 31 tayari, wote wanaume, wote wachezaji ama mashabiki wa gogoni, ndipo mtu akasema mbona hamjamuuliza yule mama wa viazi karai.

Nilimkuta kando ya barabara alikohamia baada ya mabati, mafuta yanachemka, bakuli la ukwaju pembeni limefunikwa na sahani. Nilimwomba anionyeshe kwa vizibo, akacheka akaweka viazi vitatu kwenye sinia badala yake. Hiki goli, hiki mwarobaini, hiki mimi.

"Hapa nimekaa miaka mingi mwanangu, na kila Ijumaa nalipa."

"Wamlipa nani mama?"

"Si yule msimamizi wa shamba, alikuwa apita na baiskeli na kijitabu chake. Sote tuliouza tulilipa."

"Na timu?"

"Timu hailipi! Timu ilipewa ruhusa na marehemu mwenye shamba, kwani wewe hujui? Kila Kombe la Idd walimpelekea halua, wamshukuru na wamuomba mwaka mwingine. Alipokufa wakaja kumpelekea mtoto wake, naye akasema endeleeni kama alivyosema baba. Marehemu alikuwa mtu wa watu, Mungu amrehemu."

Alisema kwa furaha kabisa, kama anayemtaja mtu kwa sifa zake. Mimi nilikwenda nyumbani nikafungua rekodi zote upya. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshaitaja ile halua. Kumi na mmoja! Nilikuwa nimewasikiliza, nimefurahi, na kwenye daftari pembeni nimeandika "heshima, nzuri". Sikuelewa nilichokuwa nimeshika.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza ni lile la usiku wa maskani, kutong'oa mabati. Sababu iliyotolewa na wazee haikuwa ya kisheria, walisema kijana akishikwa kwa kuharibu mali ya mtu kamati haitamtoa, mamake ndiye atakayehangaika kituoni. Lilishinda kwa hilo.

La pili ndilo lililotugawa. Wakili aliposikia habari ya halua aliuliza mara mbili, ilikuwa ya nini hasa. Kisha akaeleza: ruhusa ya mtu huisha akifa, hapo tungeweza kuhesabu miaka upya kuanzia kifo chake, lakini mtoto aliposema endeleeni basi ruhusa imeanza tena, na aliyekaa kwa ruhusa hawezi kudai kwa miaka 12. Mjumbe mmoja akasema si tumuache huyo mama, tuna watu wengine thelathini, halua tusiitaje. Simlaumu, alikuwa na uchungu, amemzaa mtoto wake wa kwanza siku ya mechi na amempa jina la kipa. Wakili akasema hati ya kiapo ni kiapo, yeye hataandika anachojua si kweli. Lakini aliyemaliza maneno ni yule kapteni wa zamani. Alisema, "Nishike Msahafu niseme nini? Kwamba yule mzee hatukumjua? Alimzika babangu yule."

Tukaamua kesi hatufungui, na maneno ya mama yaingie daftarini kama alivyoyasema.

La tatu, tuende kwa familia. Si kwa kuomba msamaha wala kwa kutisha, twende na daftari na simu yenye sauti, tuwasomee. Sababu yake ni kwamba kama ruhusa ilitolewa kwa mdomo na kwa heshima miaka yote hiyo, basi mlango tulioujua ni huo.

Yalikoishia

Kiwanja kilikwenda. Bunge la kaunti lilijibu kwamba ardhi ni ya mtu binafsi na hawana la kufanya, makontena yako pale saa hii yamepangwa matatu juu ya mengine, na mwarobaini ulikatwa hata kabla hatujaingia kwenye ile nyumba ya familia kisiwani.

Tulipokewa na binti mkubwa wa marehemu, Bi Mkubwa tulivyomwita. Ardhi ilishauzwa na pesa zimegawanywa kwa warithi, hakutuficha. Alisikiliza sauti ya kapteni akieleza babake alivyokuwa akikaa mwisho wa gogo na fimbo yake kati ya magoti, akaomba irudiwe. Akatuomba picha, sababu wao hawakuwa na hata moja ya babake nje ya nyumba. Kisha alimpigia mnunuzi, na Jumamosi moja tukaruhusiwa kuingia kutoa milingoti na gogo. Pia alizungumza na mwalimu mkuu wa shule moja ya karibu, na hilo ndilo lililotusaidia kweli: timu ina makubaliano ya maandishi na bodi ya shule, siku tatu kwa wiki, yametiwa sahihi, yana tarehe ya kuanza na ya kuangaliwa upya.

Lakini mashabiki wamepungua na lazima niliseme. Geti la shule lafungwa saa kumi na mbili, kuuza chakula ndani hakuruhusiwi, na mama wa viazi yuko barabarani mbali na mechi. Gogo tuliliweka kando ya uwanja wa shule, watoto walikalia siku ya kwanza na hakuna aliyewaambia kitu. Wazee wawili walikuja mara moja hawakurudi.

Kilichofaa na kilichovunjika

Vizibo vilifaa kuliko kitu kingine chochote. Kumbukumbu ya mtu iko mwilini, iko mahali, mkono wake wajua goli lilikuwa wapi kabla mdomo haujajua. Kumuita kila mmoja peke yake kulifaa pia, na ningeanza hivyo kabla ya grupu kufunguliwa, sababu hadithi ikishazunguka huwezi tena kujua ya nani ni ya nani. Alama za miaka zilifaa sana, lakini kila mtaa una zake, usichukue zangu. Na usimtegemee shabiki kwa mabao. Tafuta daftari.

Kosa kubwa la kwanza lilikuwa la kutojua twadai nini. Wiki moja tuliiambia kaunti kwamba ardhi ni ya umma, na wiki hiyo hiyo twamuambia wakili kwamba ni ya mtu na sisi tumeikalia. Yote mawili hayawezi kuwa kweli, na madai ya miaka 12 kwenye ardhi ya umma hayapo kabisa kisheria. Kupekua hati kwenye ofisi ya ardhi kungetuambia jina la mwenyewe kabla hatujaandika herufi moja. Hatukupekua. Tulikuwa na haraka na tulikuwa na hasira, na kila mtu alikuwa na hakika na lake.

Kosa lingine, timu yenyewe haikuwa mtu mbele ya sheria. Usajili wa zamani ulikufa na baada ya sheria ya michezo ya 2013 hatukujisajili upya. Hata tungeshinda, hati ingeandikwa jina la nani?

Kuhusu wanawake, hapa nasema kwa niaba yangu. Niliandika orodha ya watu wa kuhojiwa kwa dakika kumi nikiwa nimekaa na wanaume kwenye baraza la wanaume, nikaandika tuliokumbuka, na tuliokumbuka ni sisi. Mama alikuwa pale kila mechi, hakuwa akitazama mpira, alikuwa akitazama nani yuaja, nani yualipa, nani yuasalimia nani. Mambo ya ardhi yote yako hapo. Tungemuuliza wa kwanza tungeokoa miezi minne na tungeingia kwa ile familia angalau kabla mti haujakatwa.

Kuna aliyeniuliza kama najuta kumrekodi. Sijuti. Kesi ile ingevunjika mahakamani, msimamizi wa baiskeli yuko hai na kijitabu chake kipo, na wazee wetu wangekuwa wamekula kiapo cha uongo juu ya mtu aliyewafadhili. Ninachojuta ni kwamba tulianza kukusanya kumbukumbu siku tulipozihitaji kwa vita, kwa hivyo kila mtu aliyekaa mbele yangu nilikuwa namsikiliza nikitafuta miaka 12, na mengine yote niliyaandika pembeni kama mapambo. Ruhusa ya yule mzee ndiyo iliyokuwa habari yenyewe ya kiwanja kile. Ingeandikwa karatasi moja wakati yuko hai, yeye mwenyewe akitia sahihi, tungekuwa tunazungumza mengine.

Kazi ya kukusanya haikusimama. Sasa hatuna kesi, kwa hivyo tunauliza polepole. Wiki iliyopita tulimrekodi bibi aliyekuwa akifua jezi. Kwenye picha za msimu mmoja jezi za timu zaonekana kijani kibichi na nyingine zimepauka karibu nyeupe, na watu walibishana miaka kwamba kulikuwa na seti mbili, nani aliitoa ya pili, nani aliiuza. Bibi akatazama picha akasema seti ni moja tu. Kisima cha nyuma ya msikiti kilikuwa na maji ya chumvi na kilikuwa cha bure, cha maji matamu kilikuwa cha pesa, na yeye alikuwa akifua kulingana na timu ilivyompa wiki hiyo.